Mti umeanguka njiani: uuruke, uuondoe au uripoti?

Baada ya usiku wa upepo na mvua, njia ya miguu msituni huwa si ile ya jana. Pale ulipopita umesimama wima sasa pana shina lililolala kimo cha kifua, na matawi yake yamefunika njia yote. Anayefika wa kwanza anaamua kwa niaba ya wengi, maana atakapokanyaga yeye ndipo watakapokanyaga wanaomfuata. Wapo wanaoshikilia kwamba mtembeaji mwema haachi kizuizi nyuma yake. Wapo wanaosema msitu una wenyewe, mgeni apite tu. Kila upande una hoja, ila kanuni moja haiwezi kufaa kwa kila gogo.

Tunalinganisha hatua nne: kupita na kuliacha gogo, kuliondoa kwa mikono, kulikata kwa msumeno wa mkono, na kuripoti ili mafundi waje. Msumeno wa mnyororo unaotumia injini hatukuuweka kama hatua ya mtembeaji. Huo ni wa aliyefunzwa, mwenye kofia ngumu, kinga ya macho, masikio na miguu, na mwenzake wa kumwangalia.

Vigezo

Cha kwanza ni ruhusa. Katika hifadhi nyingi kukata mti ni kosa, hata ukiwa mkavu na umelala chini. Kuna mahali ambapo kusogeza tawi hakuna neno lakini kushika msumeno ni kesi.

Cha pili ni hatari, na hapa wengi hupima kwa jicho wakaishia kwenye unene peke yake. Unene ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni nguvu iliyofungiwa ndani ya mti: uliopinda na kubanwa unataka kunyooka, na utanyooka utakapoufungulia. Fimbo ya unene wa kifundo cha mkono iliyokunjwa chini ya gogo zito inaweza kuvunja taya.

Cha tatu ni athari kwa njia na kwa msitu. Gogo lenyewe mara nyingi haliharibu njia. Kinachoiharibu ni mchepuko: watu kumi wakizunguka, majani hulala; mia wakizunguka, udongo hubaki wazi, mvua huuchimba, na sasa kuna njia mbili ambapo ya pili haikupangwa na mtu yeyote wala haina mahali pa kutolea maji. Kwa upande wa msitu, gogo linalooza ni makazi ya kuvu, wadudu na mijusi, hushikilia udongo kwenye mteremko, na miche huota juu yake.

Cha nne ni zana, muda na nguvu, pamoja na hesabu ya uzito ambayo watu hawaipigi. Mita moja ya ujazo ya mti mbichi huwa na kilo 800 hadi 1,000 kwa miti mingi. Kwa hiyo kipande cha unene wa sentimita 20 na urefu wa mita 2 kina kilo 50 hadi 60. Ongeza unene ufike sentimita 30 na urefu mita 3, tayari unazungumzia kilo 170 hadi 210. Unene ukizidi mara mbili uzito unazidi mara nne, ndiyo maana gogo linaloonekana "kubwa kidogo tu" halitikisiki.

Cha tano ni nani anafaidika na nani anaumia. Kinachorukwa kirahisi na kijana mwenye mkoba mdogo kinaweza kuwa ukuta kwa mzee, mtoto, au punda mwenye mzigo.

Kwanza: limeanguka au limewekwa?

Kabla ya kuchagua lolote, hakikisha gogo halikuwekwa hapo makusudi. Wasimamizi wa njia hutumia magogo kufunga njia za mkato kwenye kona za mlima, kuzuia pikipiki, kuficha njia ya zamani inayoachwa ipone, na kugeuza maji. Gogo la kugeuza maji hulala kwa mshazari, limezikwa nusu, na mara nyingi limefungiwa kwa mawe au vigingi. Kwenye ncha yake ya chini kuna mfereji unaotoa maji nje ya njia. Ukiling'oa, mvua inayofuata itashuka katikati ya njia na kuacha korongo. Dalili nyingine ni ncha zilizokatwa kwa msumeno, na matawi yaliyorundikwa kwenye mdomo wa njia ya mkato huku njia halisi ikiendelea upande wa pili. Mti ulioangushwa na upepo huwa na mizizi iliyong'oka au shina lililovunjika kwa vibanzi, na mara nyingi ganda lililochubuka pale ulipogonga miti mingine.

1. Kupita na kuliacha

*Ruhusa.* Huhitaji ya mtu yeyote.

*Hatari.* Ndogo, ila si sifuri. Shina lililovuliwa ganda na kulowa huteleza kama sabuni, kwa hiyo usisimame juu yake. Kaa, zungusha mguu mmoja, kisha wa pili. Ukipita chini, vua mkoba, utangulize, pitisha fimbo zako, halafu wewe. Chungulia upande wa pili kabla ya kushusha mguu, kwa kuwa nyoka na nyigu hupenda kivuli cha gogo. Gogo lililooza linaweza kuvunjika chini ya uzito wako bila onyo. Usipite kabisa chini ya mti uliokwama kwenye matawi ya mwingine: haujamaliza kuanguka, na hakuna ajuaye ni lini utamaliza.

*Njia na msitu.* Msitu unafaidika. Njia inategemea mguu wako. Ukiruka, hakuna kinachobadilika. Ukizunguka, chagua ardhi ngumu, yaani mwamba, changarawe au majani makavu, uepuke kuvumwani na matope. Kama mchepuko umeshaanza, fuata huohuo badala ya kufungua wa pili. Kuzunguka upande wa mizizi huwa kufupi zaidi, lakini usiingie kwenye shimo ulimong'oka mti wala usisimame chini ya bamba la mizizi lililosimama. Linaweza kurudi chini.

*Zana na muda.* Dakika mbili tatu.

*Inamfaa nani.* Aliye peke yake, aliyechoka, anayekimbizana na giza, na yeyote asiyejua kanuni za eneo. Pia inafaa kwa njia zinazopitwa na watu wachache, ambapo mchepuko haukomai. Haifai sana kwenye njia yenye watu wengi iliyopita ubavuni mwa mteremko mkali, kwa sababu pale kila anayezunguka anabomoa ukingo.

2. Kuondoa kwa mikono

Hii ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa kwa jasho dogo.

*Ruhusa.* Mahali pengi kusogeza matawi yaliyoanguka njiani hakuna ubishi, ingawa katika hifadhi zenye ulinzi mkali hata hilo huulizwa kwanza.

*Hatari.* Mgongo na vidole. Jaribu kulitikisa gogo kwa mguu kabla ya kuliinua: likichezacheza ni lako, likikaa kimya, limezikwa au limeshikwa na kitu usichokiona. Kaa chini, elekeza mgongo kwenye kitu imara, sukuma kwa miguu yote miwili, kwani miguu ina nguvu kuliko kiuno. Kwenye mteremko simama upande wa juu. Kabla ya kuliviringisha hakikisha njia haijipindi na kupita chini yako, na kama inapita, usiviringishe. Gogo la kilo 50 likishika mwendo halisimami kwa kuitwa. Kijiti kilichopinda chini ya gogo usikiguse.

*Njia na msitu.* Nzuri pande zote mbili ikiwa utafanya vizuri. Weka matawi upande wa chini wa njia, mbali na mifereji ya maji. Tawi moja lililotupwa kwenye mfereji hukusanya majani, majani hukusanya udongo, na maji yanahamia njiani. Elekeza ncha zilizovunjika mbali na wapitao. Usirundike kichuguu cha matawi mahali pamoja, yatawanye.

Kosa la kawaida hapa ni kuvunja matawi ya mti uliolala na kuacha visiki. Mtu anavunja kwa mguu, tawi linakatika sentimita 15 kutoka kwenye shina, na kinachobaki ni mkuki uliochongoka kwenye kimo cha paja la mtu mzima au jicho la mtoto. Kama huwezi kulikata tawi karibu kabisa na shina, liache zima. Tawi zima lenye majani linaonekana na linapinda likiguswa; kisiki hakionekani jioni wala hakipindi.

*Zana na muda.* Glavu na dakika tano hadi kumi. Mpaka wa busara kwa mtu mmoja ni kitu anachoweza kuinua ncha yake moja bila kukunja uso. Wawili waelewane kwanza nani anahesabu na waachie wakati mmoja.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtembeaji mwenye afya, hasa vikundi.

3. Kukata kwa msumeno wa mkono

*Ruhusa.* Hapa ndipo swali linakuwa zito. Ipate kabla ya safari. Nchini Marekani, kwa mfano, shirika la misitu la serikali hutaka hata wanaojitolea wafunzwe na kupata cheti kabla ya kutumia msumeno wa injini au msumeno mrefu wa kukatia magogo. Na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1964 kuhusu maeneo ya nyika inakataza kwa kawaida zana za injini ndani ya maeneo hayo, kwa hiyo mafundi wenyewe huko hukata kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Usidhani kwamba kwa kuwa msumeno wako ni mdogo sheria haikuoni.

*Hatari.* Kila gogo lililolala lina upande unaobanwa na upande unaovutwa. Ukianza kukata upande unaobanwa, mkato hujifunga taratibu, na hiyo ni ishara ya kugeuka. Ukianza upande unaovutwa, mti unaweza kupasuka kwa urefu au kuruka kabla hujamaliza. Mambo yanakwenda hivi:

Gogo limeegemea pande zote mbili na katikati pako hewani: juu panabanwa, chini panavutwa. Kata kutoka juu hadi robo au theluthi ya unene, ukiona mkato unaanza kujifunga toa msumeno, malizia kutoka chini.

Gogo limeshikwa upande mmoja na ncha nyingine inaning'inia: kinyume chake. Anza chini, theluthi moja, halafu malizia kutoka juu. Ukianzia juu, ncha itashuka ikichana kibanzi kirefu kuelekea mikono yako.

Gogo limepindishwa kwa ubavu kati ya miti miwili: litachomoka kuelekea upande wa nje wa upinde. Simama ndani ya upinde. Kama upande wa ndani ni ule wa chini wa mteremko, basi hakuna mahali salama pa kusimama. Funga msumeno uondoke.

Gogo bado limeunganishwa na mizizi iliyong'oka: usiguse. Uzito wa shina ndio unaolishikilia wima lile bamba la mizizi na udongo. Ukikata, bamba linaweza kurudi shimoni kwa kishindo na kuinua kisiki, na aliyesimama shimoni hana pa kukimbilia.

Kabla ya kukata, tazama juu. Matawi yaliyovunjika na kukwama huanguka yakitikiswa, na kukata ni kutikisa. Tengeneza mahali pa kukanyaga na pa kurudi nyuma, uwaambie wengine wakae mbali upande wa juu.

*Njia na msitu.* Ukikata vizuri, watu hurudi kwenye njia yao na shina lililobaki pembeni linaendelea kuoza kwa faida ya msitu. Mafundi wengi hufungua upana wa takriban mita 1.2 kwa njia ya watembeao kwa miguu, na karibu maradufu kwa njia ya wanyama wa mizigo. Ukifungua kijilango cha nusu mita, mikoba itagonga na watu watazunguka vilevile. Kipande cha kuondoa kiwe kipana zaidi upande kitakakotokea: kama kitaanguka chini, pana chini, kama utakiviringisha kuelekea bondeni, pana upande wa bondeni. Mikato miwili iliyonyooka sambamba ndiyo inayofanya kipande kikwame kama kizibo, na hapo mtu huanza kukipiga mateke.

*Zana na muda.* Msumeno wa kukunja wa kubeba mkobani una bamba la sentimita 15 hadi 25 na hukata ukiuvuta, si ukiusukuma. Anayeusukuma kwa nguvu huukunja. Kipimo kizuri: kata unene usiozidi nusu ya urefu wa bamba. Bamba la sentimita 20, gogo la sentimita 10. Zaidi ya hapo meno hayatoi unga wa mbao nje, msumeno unajaa na kuchoka pamoja na mwenyewe. Gogo la sentimita 25 kwa msumeno huo linaweza kula zaidi ya nusu saa kwa mkato mmoja, na unahitaji mikato miwili. Msumeno ukibanwa, usiuvute kwa hasira. Inua ncha ya gogo kwa mti mwingine kama nyenzo, au gongea kabari ya mti mgumu kwenye mkato, utatoka wenyewe. Panga na shoka havituvutii hapa: vyote hudunda kwenye mti mgumu, na mguu uliokatwa mwendo wa saa tatu kutoka barabarani ni dharura ya kweli.

*Inamfaa nani.* Aliyefundishwa kusoma mbano, mwenye ruhusa, mwenye mwenzake na kisanduku cha huduma ya kwanza, anayekutana na shina jembamba lililolala chini lote. Kwa huyo, ni kazi ya robo saa yenye faida ya miezi. Hakuna sababu ya mwingine kuona aibu kuiacha.

4. Kuripoti na kuwaachia mafundi

*Ruhusa.* Haihitajiki, na mara nyingi ndicho wasimamizi wanachokiomba.

*Hatari.* Kwako, hakuna zaidi ya ile ya kupita.

*Njia na msitu.* Kazi hufanywa na mtu mwenye zana kamili, anayejua pia ni gogo gani liachwe. Udhaifu wake ni kusubiri. Njia iliyo mbali inaweza kukaa wiki nyingi, na mchepuko hausubiri. Inasaidia kufunika mdomo wa mchepuko mpya kwa matawi makavu machache, mradi gogo linaweza kurukwa. Usipoacha pa kupita, watu watafungua mchepuko wa tatu.

*Zana na muda.* Simu na dakika tano, lakini ripoti iwe na kitu ndani. "Kuna mti umeanguka baada ya daraja" haimsaidii anayepaswa kuamua abebe msumeno gani. Andika viwianishi vya mahali, na kwa kuwa chini ya miti minene simu inaweza kukosea kwa mita nyingi, ongeza umbali kutoka kwenye alama isiyohama: mto, kona, kibao. Pima unene pale shina linapokatiza njia, si kwenye mizizi. Kama huna futi, tumia shubiri. Sema ni miti mingapi, iko kimo gani kutoka ardhini, imelala au imening'inia, imeng'oka na mizizi au imevunjika, na kama watu wameshaanza kuzunguka. Piga picha mbili, ya karibu na ya mbali, ukiweka fimbo au chupa ya maji ili ukubwa uonekane. Weka tarehe.

*Inamfaa nani.* Kila mtu, na inaweza kuunganishwa na hatua yoyote kati ya tatu za kwanza. Hata ukishaondoa gogo, taarifa ina kazi: mti mmoja ukianguka kwenye udongo uliolegea, wa jirani yake huenda uko njiani.

Kwa hali yako

Tawi au shina unaloweza kuinua ncha yake, lisilobanwa na kitu: liondoe, ukiangalia mfereji na ncha.

Shina lisilozidi sentimita 10, limelala lote chini, una ruhusa na ujuzi: likate. Ukikosa kimoja kati ya hivyo viwili, pita na uripoti.

Shina nene la kimo cha goti, kwenye njia tambarare yenye watu wachache: liruke, ripoti ukipata mtandao. Si dharura.

Shina nene kwenye mteremko mkali ambapo watu wanazunguka kwa kukanyaga ukingo: ripoti siku hiyohiyo na utaje ukingo, kwa sababu hilo ndilo litakalolipandisha kwenye orodha ya kazi. Kukatakata matawi madogo yanayozuia watu kuliruka, hadi karibu na shina, kunaweza kutosha kuwarudisha njiani hadi mafundi wafike.

Miti kadhaa imelaliana baada ya dhoruba: usiguse hata mmoja, ingawa wa juu unaonekana mwembamba. Huo ndio unaoshikilia mingine, au ndio ulioshikiliwa, na kwa macho huwezi kutofautisha.

Mti umekwama juu ya njia: rudi ulikotoka au zunguka mbali, nje kabisa ya mahali mti huo unapoweza kufika ukianguka, kisha waonye unaokutana nao.

Mti umegusa waya wa umeme: usikaribie, usiuguse wala usiguse uzio ulioegemewa nao, hata kama waya unaonekana umekufa. Piga simu kwa wenye umeme kwanza, wenye njia baadaye.

Unaongoza wanyama wa mizigo na hawawezi kuruka: usiwalazimishe kupita kwenye ubavu wa mteremko. Kama huna ruhusa na msumeno wa kufaa, geuza msafara mapema, mahali penye nafasi ya kugeukia, kabla hujafika penye gogo.